Madirisha Yasiyokuwepo: Jinsi Matarajio Yanavyotuonyesha Vitu Angani

Usiku wa Machi 3, 1968, karibu saa nne kasorobo kwa saa za mashariki ya Marekani, watu wa majimbo kadhaa waliona mianga ikikata anga kimyakimya, nyuma yake mikia ya moto. Wengi walieleza hivyo tu. Lakini huko Tennessee, watu watatu waliokuwa pamoja waliripoti chombo kinene chenye umbo la sigara, chenye safu ya madirisha ya mraba yaliyowaka taa kwa ndani, na bodi kama ya mabati yaliyopigwa ribiti. Ohio, mwalimu mmoja alikitazama kwa darubini, akakimulikia tochi kwa alama za Morse, yaani mimweko mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, akitumaini kujibiwa. Mbwa wake alikuwa akilialia, na jambo hilo nalo likaingia katika maelezo yake.

Kilichopita kilikuwa vipande vya roketi ya Kisovieti iliyorusha chombo cha anga cha Zond 4 siku moja kabla. Vilikuwa vikiungua makumi ya kilomita juu ya ardhi.

Mashahidi hawa hawakusema uongo, na ninaomba msomaji alishike hilo. Vipande vilisafiri kwa mpangilio usiobadilika sana, na katika giza jicho huunganisha nukta za mwanga kuwa kitu kimoja. Mtu aliyekwisha kusikia habari za visahani vya angani alipata bodi, kisha madirisha, kisha ribiti. Hapo ndipo upendeleo wa kuthibitisha unapoanzia: dhana hutangulia, halafu kila kinachofuata hupokelewa kama shahidi wake, hata kilio cha mbwa.

Mwanasaikolojia Peter Wason aliuonyesha mwelekeo huu mwaka 1960 kwa namba tatu: 2, 4, 6. Aliwaambia watu kwamba namba hizo zinafuata kanuni fulani, nao waitafute kwa kupendekeza namba nyingine. Wengi walidhani ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12. Wakaambiwa sawa. Wakaongeza nyingine za aina hiyohiyo, sawa tena. Kanuni ilikuwa namba zinazopanda, basi. Jaribio la 1, 2, 3 lingetosha kuivunja dhana yao, lakini anayeamini amekwisha kupata jibu hana haraka ya kulivunja.

Wasioamini habari za visahani hivyo nao wamo katika mtego huu. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Colorado kilikabidhiwa na Jeshi la Anga la Marekani uchunguzi wa UFO, yaani vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani, chini ya mwanafizikia Edward Condon. Januari 1967, kazi ikiwa bado mbichi, Condon alisema hadharani kwamba anaelekea kuona hakuna chochote katika mambo hayo, ilhali hakutakiwa kufikia hitimisho kwa karibu mwaka mzima zaidi. Ripoti ya uchunguzi huohuo ndiyo yenye uchambuzi makini wa tukio la Zond 4, ulioandikwa na William Hartmann, na ndani yake yamo pia matukio yaliyobaki bila maelezo. Kwangu mimi, kauli ile ya mapema iliidhuru kazi nzuri. Msomaji aliyeisikia ana haki ya kuuliza ni ushahidi gani uliopimwa kwa mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja.

Siku hizi msururu wa taa zilizojipanga mstari mmoja, yaani setilaiti za intaneti za Starlink zilizotoka kurushwa, huwashtua watu wengi hapa kwetu pia. Ukiona kitu usichokijua, andika kabla hujasimulia wala kusoma ya wengine. Saa kamili. Ulikotazama. Usiandike "kilikuwa mita mia tatu", kwa sababu usiku jicho halina njia ya kupima umbali wa taa isiyojulikana. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uhesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho. Ngumi moja ni takriban digrii 10. Kama mlikuwa wawili, kila mmoja aandike peke yake, na karatasi zisilinganishwe mpaka zote mbili zimekamilika. Mkitofautiana, msisahihishane, zihifadhini zote mbili zilivyo.