Kiroboto wa Maji na Omena wa Winam

Mtu akichota maji ya bwawa kwa gilasi na kuyainua kuelekea mwanga, mara nyingi ataona vijidudu vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, vikirukaruka kana kwamba vinavutwa na uzi. Hao ni viroboto wa maji. Jina walilipata kwa mrukoruko wao tu, kwani hawaumi mtu wala hawanyonyi damu, na si wadudu bali ni jamaa wa kaa na kamba. Mwili wao ni angavu kiasi kwamba chini ya lenzi moyo huonekana ukidunda mgongoni, na utumbo huonekana kijani kwa mwani waliomeza.

Kijani hicho ndicho chanzo cha faida yao kwetu. Kiroboto hupiga miguu yake mfululizo ndani ya gamba ili maji yapite, kisha huchuja mwani na bakteria. Omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, humla yeye pamoja na vijidudu wenzake, na mbuta, yaani sangara, humla omena. Kwa hiyo mama anayeanika omena pale Dunga, ufuoni Kisumu, anauza, kwa sehemu, mwani uliopita matumboni mwa viumbe ambao pengine hajawahi kuwaona.

Wengi hudhani kwamba maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio Kenya, yanapozidi kuwa ya kijani viroboto hunenepa. Sivyo. Mbolea na maji taka yanayoingia katika ghuba hii isiyo na kina kirefu hustawisha mwani wa buluu-kijani, ambao hujikusanya katika mafungu makubwa yasiyochujika kwa urahisi, na baadhi yake una sumu. Dawa za kuua wadudu nazo huwadhuru upesi mno, hata maabara nyingi duniani hupima ukali wa kemikali kwa kuhesabu viroboto walioshindwa kuogelea baada ya saa 48. Mkulima anayesuuza pampu ya dawa mtoni huenda asione samaki hata mmoja akielea, lakini chakula cha vifaranga wa samaki kimeshapungua, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo dhara tunalolipuuza zaidi.

Maisha yakiwa mazuri, jike huzaa majike wenzake bila dume. Chakula kikipungua au maji yakianza kukauka, madume huzaliwa, na majike hutaga mayai yaliyofungwa katika kifuko kigumu kinachoweza kustahimili ukame kwa miaka. Ndiyo sababu tope kavu la kidimbwi kilichowahi kuwa na viroboto, likitiwa katika mtungi wa maji ya mvua na kuwekwa penye mwanga bila kuunguzwa na jua, linaweza baada ya siku kadhaa kuonyesha vidoa vyeupe vikianza kurukaruka.