Eti nadharia hakiki ni ya wasiomuamini Mungu?

Hii kitu nakutana nayo sana hapa Dar, hasa kwa vijana wanaosoma mawasiliano ya umma, ukitaja tu nadharia hakiki, yaani ile inayochunguza jamii inavyokandamiza watu ili ibadilishwe, ya kina Horkheimer na Adorno, wanafalsafa wa Frankfurt kule Ujerumani, unajibiwa hiyo ya wapagani, dini walishaitupa nje zamani. Jamani, hapana.

Wengi wameshikilia kale kamstari ka Karl Marx, ambaye hao wa Frankfurt walianzia kwenye mawazo yake, dini ni afyuni ya watu. Kweli kaandika, ila maneno ya hapohapo kabla yake wanayaruka, kwamba dini ni pumzi ya mtu anayeonewa na moyo wa dunia isiyo na moyo. Mtu wa kumcheka muumini haandiki hivyo.

Na hao wa Frankfurt ndo kabisa. Fromm, mwenzao, kalelewa nyumba ya Wayahudi washika dini, Adorno tasnifu yake kuhusu Kierkegaard, mwanafalsafa Mkristo, ilisimamiwa na Paul Tillich, mwanateolojia wa Kiprotestanti, alafu Horkheimer akiwa mzee, mwaka 1970, anaongelea hamu ya kwamba muuaji asije akamshinda aliyeuawa bila hatia. Sasa msiniruke upande wa pili mkasema kaokoka, hakuna aliyesema hivyo, ila alikuwa anajua hamu hiyo imetunzwa na dini.

Nyingine naisikia kila siku: Habermas, mwanafalsafa wa kizazi cha pili cha hao wa Frankfurt, anataka Mungu aachwe nyumbani, hadharani tuongee akili tu. Huyu mwaka 2004 kakaa Munich kujadiliana na Kardinali Ratzinger, mwaka mmoja kabla hajawa Papa Benedikto. Anachosema ni kwamba raia aongee kwa lugha ya imani yake popote, sharti linaanza kwenye bunge, mahakama na ofisi za serikali, huko sababu ya uamuzi lazima iwe ya kueleweka na wote.

Chukua mkutano wa mtaa, tuseme Manzese, baa inapiga mziki mpaka alfajiri. Mama anasimama, "Mwenyezi Mungu hapendi jirani anyimwe usingizi", watu makofi. Hajakosea chochote. Ila mtendaji akiandika barua kwa mwenye baa hawezi kuandika Mungu hapendi, ataandika kelele za usiku, watoto wana shule, na hapo hata asiyesali anaelewa na mwenye baa anaweza kujitetea.

Kuhusu "nchi yetu haina dini kwahiyo viongozi wa dini wanyamaze", Katiba ibara ya 3 inasema nchi haina dini na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu na kutangaza dini, zisomeni zote mbili. Nyerere mwenyewe akiwa rais, mwaka 1970, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lipambane na mifumo inayokandamiza watu.

Wanaompinga Habermas wanasema mzigo wa kugeuza lugha ya imani iwe ya kueleweka na wote kamtwisha muumini peke yake. Hapo nawaelewa nusu, maana kasema wazi kuwa asiyeamini naye ajitahidi kusikia kilichomo kwenye maneno ya dini. Tatizo mama wa Manzese anaweza kukatwa kauli na mwenyekiti, ila wa kumlazimisha msomi wa Mlimani, pale Chuo Kikuu, amsikilize simuoni.