Mzee haoni vizuri na kumbukumbu inapotea: pa kuanzia nyumbani

Mwenye uoni hafifu huambiwa ajifunze fimbo nyeupe, ahesabu hatua, akumbuke kila kitu kimewekwa wapi. Yote hayo yanadai kumbukumbu. Mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na akili, ndugu zake huambiwa wabandike picha ya choo mlangoni, waandike siku kwenye ubao, wamwoneshe picha za zamani. Hayo yanadai macho. Mzee mwenye vyote viwili hafaidiki na ushauri wowote kati ya hiyo miwili, na hapo ndipo familia nyingi hapa Tabora zinakwama: wamefanya kila walichoambiwa, hakuna kilichoshika. Mimi ni mtu wa macho, na wazee ndio wengi wa wagonjwa wangu. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu wanaomleta mzee wakisema akili zimerudi utotoni.

Kabla hujaamini kwamba ni akili, hakikisha si macho. Mtoto wa jicho, presha ya macho, kisukari kilichoharibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), vikope vilivyopinda ndani vikawa vinasugua jicho: vyote hivi vinamfanya mtu aonekane amesahau kumbe hajaona. Anampita mwanawe bila kumsemesha. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Jaribu hivi: mtoto asimame kimya mbele yake, halafu amwamkie. Mzee akimjua mara tu aliposikia sauti, hapo lililokosekana ni jicho. Akimjua kwa sauti, kisha baada ya muda mfupi akauliza kama baba yake, aliyefariki zamani, amesharudi shambani, basi kumbukumbu nayo ina shida. Na mpime kwa maswali yasiyohitaji macho: amekula nini asubuhi, ni msimu wa kupanda au wa kuvuna, wajukuu ni wa nani.

Kuna kipimo kingine cha bei ya bure. Kata kipande cha boksi la dawa, toboa tundu la kama milimita moja kwa sindano nene, mzibe jicho moja kwa kiganja, aangalie kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Kikionekana wazi zaidi, huenda miwani tu itamsaidia. Rudia jicho la pili. Usimwamuru afumbe jicho moja mwenyewe. Atalisahau agizo katikati na utapata majibu ya macho yote mawili.

Hospitalini nako kuna mtego. Kipimo cha kumbukumbu kiitwacho IDEA kilitengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, na uzuri wake ni kwamba hakimbani asiyesoma. Alama ni 15, na aliyepata 7 au chini huhesabiwa kuwa huenda ana demensia. Lakini ndani yake mna sehemu ya kupanga njiti za kibiriti kufuata mfano. Asiyeona atapoteza alama hizo hata kama akili yake ni timamu kabisa. Mwambie mpimaji mapema. Na kama mzee Kiswahili alijifunzia ukubwani, apimwe kwa Kinyamwezi, kwa sababu lugha ya utotoni ndiyo hupotea mwisho.

Upasuaji wa mtoto wa jicho usiahirishwe kwa hoja ya "ameshazeeka, wa nini tena". Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilihesabu upotevu wa uoni usiotibiwa miongoni mwa mambo 14 ambayo yakidhibitiwa hupunguza hatari ya demensia. Kwa ambaye demensia imeshaanza, sababu ya kuwahi ni nyingine: ganzi huwekwa jichoni tu, na inambidi alale chali bila kujitikisa kwa dakika 15 hadi 30 hivi. Mwaka huu anaweza. Miaka miwili ijayo pengine hawezi, na usingizi wa dawa kwa mzee una hatari zake. Omba ndugu mmoja akae naye amshike mkono. Lifanywe jicho moja kwanza, na yasifunikwe macho mawili kwa pamoja hata usiku mmoja; giza la ghafla linamvuruga mzee, akaamka akitaka kukimbia. Kinachoharibu kazi nzuri ya daktari ni kidole. Atasahau kwamba ameoperewa na atalisugua. Kile kikinga cha plastiki chenye matundu kibandikwe kila anapolala, na matone ya dawa atie mtu mmoja yuleyule, saa zilezile, kwa wiki zote alizoandikiwa.

Nyumbani, tegemea mkono na masikio. Kumbukumbu ya mikono hudumu kuliko ya majina: mama aliyepepeta mahindi maisha yake yote bado atapepeta, baba aliyesuka kamba bado atasuka. Kwa hiyo usihamishe vitu. Kitanda, kigoda, mtungi wa maji, fimbo, vikae vilipokuwa miaka kumi iliyopita. Mtoto akinunua kochi jipya na kupanga sebule upya, amemhamisha mzee nchi.

Kwenda chooni ni moja ya safari zinazomwangusha mzee na kumvunja nyonga, hasa choo kikiwa uani. Funga kamba ya manila kutoka mlango wa nyuma mpaka mlango wa choo, usawa wa kiuno chake, ikazwe kwenye nguzo zisizoyumba, ipite upande wa mkono anaoutumia zaidi. Piga fundo kubwa hatua mbili kabla ya kufika, ili mkono upate taarifa. Kumwelekeza mara moja hakutoshi. Mshikishe kamba na utembee naye kila anapokwenda, njia ileile, na usimwache abahatishe. Akikosea, mkono utajifunza kosa. Kamba ikilegea au nguo zikianikwa juu yake, ataiacha na hataiamini tena. Usiku ni bora ndoo yenye mfuniko na kiti kilichotobolewa, pembeni ya kitanda. Kizingiti kipake chokaa nyeupe. Mkeka mweusi mlangoni uondoe: kwa macho yake ni shimo, ndiyo maana anaruka au anagoma kupita.

Mwanga uwe mwingi na usimpige usoni. Jicho la miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaoingia jicho la miaka 20, kwa hiyo kibatari hakimtoshi, mbali na hatari ya moto. Taa ya sola iwe nyuma yake au pembeni. Na wewe usiongee naye ukiwa umeupa mlango mgongo mchana; anaona kivuli cheusi kinachozungumza.

Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani. Tumia sahani ya bati ya rangi iliyokolea, na mlenda uwe kwenye bakuli lake. Weka sahani, kisha chukua mkono wake wa kushoto uguse ukingo, wa kulia uguse ugali. Mara nyingi hapo mkono humega wenyewe bila maelezo. Ukishika kijiko ukamlisha wakati bado anaweza, uwezo huo utapotea haraka. Samaki atolewe miba yote. Kikombe kijazwe nusu.

Sasa ile tabia yetu. Mgeni anaingia, anamshika mzee begani na kucheka: "Babu, unanijua mimi nani?" Huo ni mtihani kwa mtu asiyeona na asiyekumbuka. Afadhali: "Shikamoo babu. Ni Kulwa, mjukuu wako wa Nzega," huku ukigusa mgongo wa mkono wake, ukiwa mbele. Mwamkie "mwangaluka" kama ndiyo salamu yake. Na ukitoka, aga. Usipoaga ataendelea kuongea na kiti kitupu, na watu watasema anaongea na mizimu.

Hilo linahitaji uangalifu. Ubongo unaokosa picha kutoka machoni hujitengenezea zake: watoto wadogo, maua, watu waliovaa vizuri wasiosema neno. Inaitwa hali ya Charles Bonnet, na mwenye akili timamu akielezwa huelewa kwamba si kweli. Mwenye demensia huenda asielewe. Washa taa, mwombe apepese macho au ageuze kichwa, mara nyingi picha huondoka. Usibishane naye, wala usikubali kwamba unawaona. Zipo demensia, hasa aina iitwayo ya Lewy, ambazo huleta maono na ambazo haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, huzifanya kuwa hatari, basi asipewe sindano ya "kumtuliza" kabla daktari hajaelezwa historia. Lakini kama kuchanganyikiwa kumekuja ndani ya siku moja au mbili, na mzee amelegea au anasinzia, mpeleke leo hii: malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka au kukosa maji.

Katika mikoa yetu hii, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, wakidhaniwa wachawi. Macho hayo ni moshi wa kuni wa miaka mingi, trakoma (maambukizi ya macho) na vikope. Mwenye macho mekundu anayezungumza na asiyeonekana yuko hatarini mara mbili. Mwambie balozi na majirani mapema, kwa maneno machache: macho yake yanaumwa, yanamletea picha, anatibiwa kliniki.

Siku ya kliniki beba mfuko mzima wa dawa, pamoja na zile za duka la dawa. Piriton ya mafua, Phenergan ya kulala, amitriptilini ya ganzi za miguu: zote huzidisha kusahau kwa mzee, na zinaweza kupandisha presha ya macho kwa wenye aina fulani ya ugonjwa huo. Hata matone ya macho huingia mwilini. Kati ya matone ya presha ya macho, timololi hupunguza mapigo ya moyo, na brimonidini huleta usingizi. Ukishadondosha tone, bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili, dawa ibaki jichoni.