Mdomo Unaotafuna Bila Chakula

Mtu aliyetumia dawa za magonjwa ya akili kwa miaka mingi anaweza kuanza kutafuna mdomo mtupu, kujilamba midomo au kutoa ulimi na kuurudisha upesi, bila kukusudia na mara nyingi bila hata kujua. Ndugu humleta kliniki wakidhani ugonjwa umerudi au kwamba anafanya makusudi, na wengine huwa wameshapita kwa waganga wa kienyeji. Kitaalamu hali hii huitwa tadivu diskinesia, na inayoisababisha ni dawa.

Klopromazini, mojawapo ya dawa hizo, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na kufikia 1957 daktari wa Ujerumani, Schönecker, alikuwa ameshaandika kuhusu miondoko ya mdomo kwa wagonjwa waliopewa dawa hiyo. Dawa za kundi hili huziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea kemikali hiyo ya kupeleka ujumbe, na maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba vipokezi vikizibwa kwa muda mrefu, ubongo huvifanya viwe vingi na vyepesi kuitikia. Ndiyo maana dozi ikipandishwa mdomo unaweza kutulia kwa muda, na dawa ikikatishwa ghafla miondoko huweza kuzidi, jambo linalowapotosha ndugu na hata watoa huduma.

Kwa dawa za zamani kama haloperidoli na sindano ya flufenazini ya kila mwezi, hupatwa takriban watu 5 kati ya 100 kwa kila mwaka wa matumizi, na kwa wazee hatari ni kubwa zaidi. Dawa mpya zaidi kama risperidoni na olanzapini zina hatari ndogo, lakini ipo. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo haipaswi kutumiwa zaidi ya wiki 12.

Mgonjwa akija kuchomwa sindano, mimi humwuliza kwanza kama ana bigijii mdomoni au meno ya bandia yanayocheza. Kisha humwomba afungue mdomo, nikautazama ulimi ukiwa umepumzika ndani, halafu agusishe kidole gumba na vidole vingine, kimoja kimoja, upesi, kwa sekunde 10 hadi 15. Fikra zikihamia vidoleni, ulimi uliokuwa umetulia huanza kujinyonganyonga wenyewe. Uchunguzi huu hauhitaji kifaa chochote, na ninaamini kila kliniki inayotoa sindano hizo ingeufanya angalau kila baada ya miezi 6, kwa sababu hali ikigunduliwa mapema huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupungua au kuisha.

Kosa linalonisikitisha ni mgonjwa kuongezewa Artane. Dawa hiyo husaidia mwili uliokakamaa na mikono inayotetemeka, lakini miondoko hii ya mdomo huizidisha. Tunachofanya ni kupunguza dozi polepole pale ugonjwa unaporuhusu, au kuhamia dawa nyingine, ikiwemo klozapini, ambayo humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara. Valbenazini na deutetrabenazini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hupunguza miondoko yenyewe, ila ni dawa za bei kubwa mno.

Ndugu wanaomwuguza nawasihi wasimkatishie mgonjwa dawa kwa uamuzi wao. Wamrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, akiwa ameketi ametulia nyumbani, kisha waje na video hiyo pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia.