Rimoti ya kuwashia gari ikigoma, shika mita kabla ya laptopu

Wiki mbili zilizopita niliingiziwa gereji, hapa Unga Limited, Arusha, pikapu ya dizeli yenye milango minne na gia otomatiki. Mwenyewe ni mzee wa kahawa kutoka Karatu. Kijana wake aliyeko Marekani alimtumia kifaa cha kuwashia gari kwa rimoti: wewe unakunywa chai ndani, unabonyeza, injini inawaka yenyewe huko nje, na ukitoka unakuta ukungu umeshatoka kiooni. Anayezijua asubuhi za Karatu mwezi wa saba hatamcheka.

Fundi wa kwanza alikifunga kifaa, kikakataa kuprogramika. Fundi wa pili akakaa na gari siku nne, akarudiarudia, mwisho akatoa hukumu: kifaa kibovu, agizeni kingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimechoka na hiki kitu. Kama ni kibovu sema nikitupe. Makoti ninayo."

Hakikuwa kibovu. Katika vifaa vya namna hii vilivyopita mikononi mwangu, vilivyokufa kweli ni vichache sana. Nyingi ya hizo "programu zimegoma" ni gari lenyewe kuwa na jambo, na kifaa kinakataa kwa haki kabisa. Shida ni kwamba neno kuprogramu tunalitumia kwa mambo matatu tofauti, na mteja akisema "imegoma" hujui ni lipi.

La kwanza ni rimoti kufahamiana na kisanduku chake. Hilo ni jepesi, dakika mbili. Linalosumbua hapo ni mtu kununua rimoti ya ziada mtandaoni ya masafa tofauti: magari ya Japani na Marekani mengi hutumia megahezi 315, ya Ulaya na yanayoletwa Afrika yakiwa mapya mengi ni 433.92. Ukikosea hapo utabonyeza mpaka jioni.

La pili ni kisanduku kufahamiana na gari: kusoma mazungumzo ya kompyuta zake, kujua mlango upi umefunguka, gia iko wapi, na kukubaliwa na imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Hapa ndipo wengi tunapolia.

La tatu ni kwa vifaa vya ziada vinavyotoka kwa mtengenezaji wa gari. Hivyo havitoshi kufungwa. Kontroli boksi ya gari, yaani kompyuta yake, lazima iambiwe kwamba sasa ina kitu kipya. Unahitaji mashine ya kampuni, intaneti, na VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari. VIN ina herufi na tarakimu 17, na haina kamwe I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Nimeshamwona mtu akihangaika asubuhi nzima kwa sababu aliandika O mahali pa sifuri. Halafu lipo la kwetu hasa: magari yaliyotumika Japani kwenyewe hayana VIN ya tarakimu 17, yana namba fupi ya chesisi. Programu inayodai 17 itakukataa, na hapo hakuna ufundi wa kuizidi. Usijaze sifuri mbele ili zitimie, tafadhali. Limeshafanyika.

Ya mzee ilikuwa aina ya pili.

Sikufungua laptopu. Niliwasha swichi nikainama chini ya dashibodi kukitazama kisanduku. Vifaa hivi vina taa ndogo nyekundu, na kataa hako ndiko kanakosema. Kalimweka mara saba, kakapumzika, kakarudia saba. Kwa kifaa hiki, mara saba maana yake: nimeita, gari halijaitika. Kila kifaa kina hesabu yake, na karatasi ya hesabu hiyo imo ndani ya boksi ambalo fundi wa kwanza huwa ameshalitupa. Muombe mteja boksi. Mzee alikuwa nalo, kalihifadhi kama hati ya shamba.

Nikaweka mita ya kupimia umeme kwenye betri: volti 11.9 gari likiwa limezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, inasoma 12.6 hivi. Siku nne za kuwasha na kuzima swichi bila injini kunguruma zilikuwa zimeinyonya, na hata kuja kwangu gari liliwashwa kwa betri ya kuazima. Kuprogramu kwenye betri ya hivyo ni sawa na kumfundisha mtoto mwenye njaa. Taa zinawaka, redio inaimba, lakini ukiwasha swichi volti zinashuka zaidi, kontroli boksi zinaanza kulala moja moja, na kazi inakatika katikati. Nikaifunga chaja, nikaenda kula.

Niliporudi betri ilikuwa imeshiba. Kataa bado mara saba.

Sasa niseme kidogo kuhusu waya mbili. Gari la siku hizi lina kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango. Zinaongea kupitia jozi ya waya zilizosokotwa pamoja, zinaitwa CAN, moja ya juu na moja ya chini. Kwenye ile soketi ya kuchomekea mashine ya kupimia, yenye matundu 16, utazikuta tundu namba 6 na namba 14. Kila mwisho wa njia hiyo pana kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 120. Viwili vikiwa sambamba, ukichomoa betri na kupima kati ya 6 na 14, mita inatakiwa isome omu 60 au karibu yake. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakionekani, pengine waya umekatika. Ukipata sifuri, zimegusana. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na hakihitaji mashine ya mamilioni. Hata mita ya elfu ishirini inakitosha.

Mimi nilipata 40.

Hesabu yake ni rahisi: 120 ukigawa kwa mbili ni 60, ukigawa kwa tatu ni 40. Maana yake ndani ya gari lile palikuwa na kizuizi cha tatu ambacho kiwandani hakikuwekwa. Nikakichomoa kifaa cha mzee kabisa, nikapima tena. Bado 40. Kwa hiyo mgeni hakuwa yeye. Kulikuwa na mgeni mwingine aliyetangulia.

Nikamwambia chalii wangu wa gereji afungue kava ya chini ya usukani, kisha ile ya nyuma ya redio. Tulifuata zile waya mbili kwa vidole, taratibu, maana rangi zake zilikuwa zimefichwa na vumbi jekundu la barabara za shambani. Shubiri mbili hivi kutoka kwenye soketi ganda lilikuwa limechunwa, shaba imezungushiwa waya nyembamba, juu yake tepu nyeusi iliyolegea kwa joto mpaka inanata kama ulimbo. Nyembamba zile zilipanda nyuma ya redio zikaishia kwenye kiboksi chenye ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa kamba ya plastiki. Kilikuwa na laini ya simu ndani.

"Mzee, hiki ulikifunga lini?"

"Hicho nini?"

"Ni GPS. Kinaonyesha gari liko wapi."

Akanyamaza. Akatoa simu, akasogea pembeni kwenye mwembe. Nilisikia "mama watoto" na baadaye nikasikia kicheko kirefu. Aliporudi alisema mama alikiweka mwaka juzi kwa sababu ya dereva aliyekuwa akiuza dizeli njiani. Dereva aliondoka, kiboksi kikabaki.

"Kumbe huwa ananipigia kuniuliza nimefika wapi," akasema, "na anajua."

Kile kiboksi kilikuwa na makosa mawili. Kwanza ndicho kilichobeba kizuizi cha tatu. Gari lilivumilia, kwa sababu kompyuta za kiwandani zinaweza kusukumana hata njia ikiwa nzito kidogo, ndiyo maana mzee alitembea miaka miwili bila taa yoyote ya hitilafu. Pili, kilikuwa kikiuliza maswali. Vifaa vya kufuatilia magari vingine vinaitisha taarifa kutoka kontroli boksi kila mara, kasi ngapi, mafuta kiasi gani, kwa njia ileile inayotumiwa na mashine ya fundi. Kifaa kipya kilipokuja kujitambulisha kilikuta mtu mwingine kaishika njia, anauliza bila kupumua. Ndiyo hiyo mara saba. Ukiletewa gari ambalo programu inakubali nusu kisha inakatika, au mashine yako inaunganika na kuachia, kabla ya kumlaumu mtu uliza: kuna GPS? Akisema hakuna, tafuta hivyohivyo. Magari yaliyokodishwa, ya mkopo, ya watalii, mengi yanazo, na aliyeshika usukani si lazima ajue.

Nikakitoa, nikachomelea zile sehemu zilizochunwa na kuzivika ganda la kupashwa moto. Betri nje, mita: 60.2. Betri ndani, swichi, nikabonyeza kitufe cha kifaa kama karatasi inavyosema. Kataa kakawa kijani.

Hatua ya ufunguo iligoma mara moja tu. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu isiyo na betri; inapewa nguvu na duara la waya lililozunguka tundu la swichi, inajitaja jina, na kifaa kinapaswa kusikia. Mzee alikuwa na shada la funguo, pamoja na ule wa gari lake la zamani ambao nao una chipu. Zilikuwa zinaitika mbili kwa pamoja. Tuliutoa wa pikapu peke yake, kazi ikaisha.

Mzee akabonyeza rimoti kwa furaha. Indiketa zikamweka mara tatu, injini kimya.

Hapa mtu anayeharakia pesa ndipo anapoharibu. Kwa kifaa hiki mara tatu ni boneti iko wazi, na boneti ilikuwa imefungwa. Kisa ni hiki: swichi ya boneti ni kipini chenye springi. Boneti ikiinuliwa kipini kinapanda, waya unagusa bodi, kifaa kinajua kuna mtu kwenye injini na hakiwashi. Ikifungwa kinakandamizwa, mgusano unakatika. Kwa hiyo waya ule ukichubuka ukagusa bodi mahali popote, kwa kifaa boneti haifungwi milele. Na kweli, fundi wa kwanza aliupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini bila raba. Ukingo wa bati ulikuwa umelikata ganda, shaba inang'aa kama jino la dhahabu.

"Tuukate tu bro," chalii akasema. "Ukikatwa si ataona imefungwa?"

Ni kweli. Ukikatwa kila kitu kinafanya kazi, mteja anaondoka anatabasamu. Nilimpeleka mbele ya feni na mkanda. Nikamuuliza: mzee akiwa ameinama hapa anachomoa kijiti cha kupimia oili, mjukuu yuko sebuleni anachezea rimoti, wewe utakuwepo kumvuta mkono? Akachukua raba mwenyewe.

Tulipitisha waya mpya, tukafunga raba, tukajaribu boneti wazi: inakataa. Boneti chini: taa ya hita, ile inayopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka, ikawaka kwenye dashibodi, ikasubiri izimike, ndipo stata ikaita. Kwenye dizeli hakikisha umechagua mpangilio huo wa kusubiri, usije ukaipiga injini ya baridi stata bila hita. Tukajaribu pia gia ikiwa nje ya P (ya kuegesha), na mlango wazi. Ilikataa kote. Mzee nikamwonyesha kwamba akiingia garini aweke ufunguo kwanza, swichi iwe imewashwa, ndipo aguse breki. Akitangulia breki injini inazima, na hiyo si hitilafu.

Wenye Land Cruiser za gia za mkono wanaonipigia tangu niweke picha ya kazi hii, wakitaka nao wafungiwe kifaa hiki: jibu langu ni hapana. Gari lililoachwa kwenye gia namba moja, likipigwa stata na mtu aliye jikoni, linatembea.

Nilikuwa nakusanya vifaa nikamuuliza mzee kile kiboksi cha GPS anakipeleka wapi. Alikigeuzageuza mkononi.

"Kirudishe."

"Kweli mzee?"

"Kirudishe leo hii. Tangu ukitoe ameshanipigia mara mbili."

Nikakirudisha kwa waya tatu tu, umeme, ethi na swichi, mbali kabisa na CAN. Betri nje, mita kwenye 6 na 14, nikamwita mzee asome mwenyewe. Akavaa miwani. "Sitini," akasema, akatoa pochi.