Hyophorbe ni nini?

Hyophorbe ni jenasi ya miti ya jamii ya mnazi. Ina spishi 5 tu, na zote asili yake ni visiwa vya Mascarene katika Bahari ya Hindi: Morisi, Réunion na Rodrigues.

Jina lilitolewa mwaka 1791 na Joseph Gaertner, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nguruwe na malisho, kwa kuwa nguruwe walilishwa matunda yake. Kwa maoni yangu, mti mzuri hivi ulistahili jina bora.

Utaujua kwa shina lake laini lenye pete, ambazo ni makovu ya makuti yaliyokwisha kudondoka. Juu ya shina, ala za makuti hufumbatana zikawa kama bomba la kijani, na chini ya bomba hilo makarara (vifuko vya maua) huchomoza yakiwa yamesimama kama pembe za ng'ombe.

Spishi iliyoenea zaidi bustanini ni Hyophorbe lagenicaulis, yenye shina nene lililovimba chini na kubanwa juu mithili ya chupa. Wengi huamini uvimbe huo ni tangi la maji. Sivyo, ni mwili wa mti wenyewe. Ajabu ni kwamba mti huu unapandwa nchi nyingi za joto, lakini kwao porini ilibaki michache mno. Kwao ni Round Island, kaskazini mwa Morisi, ambako mbuzi na sungura walioletwa na watu walitafuna kila mche uliochipua. Mbuzi waliondolewa kufikia 1979, sungura 1986, na miche ikaanza tena kuinuka.

Hyophorbe amaricaulis, yaani yenye shina chungu, haikupata bahati hiyo. Umebaki mti mmoja duniani, katika bustani ya mimea ya Curepipe, Morisi, ukizungushiwa uzio. Hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini hayafunguki wakati mmoja, na hakuna mwenziwe wa kumpa chavua. Wataalamu wamejaribu kukuza viini vya mbegu zake maabara. Baadhi vilichipua, kisha miche ikafa ilipohamishiwa udongoni. Mti wenyewe bado umesimama, mwembamba, ukiendelea kuchanua.