Kwa nini presha ya kijana hupanda akikasirika, na wazazi wake wanahusikaje?

"Usinipandishe presha!" Mzazi humwambia hivyo mtoto mkaidi, kumbe presha ya mtoto mwenyewe nayo imepanda. Kijana akigombezwa mbele ya wageni, ubongo huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, kwenye damu. Moyo huenda mbio, mishipa midogo hubana, na ndani ya sekunde chache namba za presha zimeruka. Ugomvi ukiisha, kwa kawaida hushuka zenyewe. Huo bado si ugonjwa.

Shida huanza mwili usipopata nafasi ya kutulia. Usiku ndipo presha hushuka, na kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Nyumba yenye makelele na vitisho kila usiku humnyima mapumziko hayo.

Mzazi mwenye presha humrithisha mtoto damu yake, na chungu chake pia. Watoto wa wazazi wa aina hiyo mara nyingi presha yao huruka zaidi wanapobanwa na hofu. Halafu wote wanakula mboga ileile yenye chumvi nyingi, ilhali kikomo cha mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, tena hapo inahesabiwa hata ile ya kwenye mkate na chipsi.

Basi msimpime akiwa ametoka kulia au kukimbia. Akojoe kwanza, kisha akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono wa kulia ukiwa usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba husomeka juu kuliko ilivyo. Kosa hili ni la kila siku. Wengine presha yao hupanda kwa kumwogopa daktari tu.

Kuanzia miaka 13, chini ya 120/80 ni salama (namba ya kwanza ni moyo ukisukuma damu, ya pili ukipumzika). Ikifika 130/80 au zaidi katika siku tatu tofauti za kupimwa, ni presha ya juu, na daktari achunguze mkojo na figo kabla ya mtu yeyote kusema "ni hasira zake tu". Ikipita 180/120, au kichwa kikiuma vikali huku macho yanaona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.